Ufa Nyuma ya Makangaga

Kila asubuhi mama alisuuza vyombo mapema na kuyaweka pembeni yale maji ya mwisho, yasiyo na sabuni. Ndoo mbili zilisubiri kando ya mlango wa jikoni. Kazi ya kuzibeba hadi bustanini kabla ya kwenda shule ilikuwa ya Chiriku, binti mwenye mdomo usiotulia, ambaye hata walimu walikuwa wameshalisahau jina lake la kwenye daftari la mahudhurio. Alibandikwa jina la Chiriku tangu alipoanza kusema, na alianza mapema kuliko watu walivyotaka.

Kule kusema "bustani" kulikuwa ni kuipamba tu. Kilikuwa kipande chembamba cha ardhi nyuma ya nyumba, kilichobanwa kati ya jiko na ukuta mrefu wa mawe. Nyuma ya ukuta, kwenye kiwanja kilichoinuka, dobi alikuwa na karakana yake pamoja na tangi kubwa la saruji. Jua lilichungulia bustanini kidogo mchana, kisha likaenda zake. Mchicha ulikataa kuota pale. Nyanya zilikufa zikiwa changa. Mmea pekee uliokubali ni kangaga, ule usiotoa ua wala tunda, wenye majani marefu yaliyochanikachanika kama unyoya.

Mama alikuwa mpanga maua. Watu walimletea kazi za harusi, mahafali na misiba, naye alishikilia kwamba ua lisilo na majani nyuma yake huonekana limepotea njia. Majani ya kangaga hubaki mabichi mwaka mzima, na yakikatwa hayanyauki upesi. Kwa hiyo kazi ya mama ilitegemea kile kipande chenye giza, na alimfundisha Chiriku kukitunza. Alimwonyesha jinsi ya kutandaza majani makavu juu ya udongo yaoze yawe mboji, kutoufukia moyo wa mmea, kukata majani ya nje na kuyaacha yale machanga yaliyojikunja katikati. Siku Chiriku alipokuja mbio akitangaza kwamba makangaga yameshikwa na ugonjwa kwa sababu yana vidoa vya kahawia mgongoni, mama alicheka mpaka akashika ubavu. Alimweleza kwamba kangaga halina mbegu, na kwamba ndani ya vidoa hivyo mna unga laini unaootesha mimea mipya. Yote hayo yangeweza kujadiliwa. Jambo lisilojadiliwa ni kwamba kangaga lazima linywe. Mizizi ikikauka sawasawa, jani hugeuka rangi ya karatasi kuukuu na halirudi tena.

Mwaka ule kiangazi kilikaza. Bomba la nyumbani likawa linatoa upepo tu. Baba, ambaye alikuwa seremala na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele kinachotazama barabara, alilazimika kusukuma mkokoteni wenye madumu hadi kwenye bomba la bondeni na kuupandisha tena mlima mzima. Akifika nyumbani, shati limemganda mgongoni na hataki kusemeshwa. Maji hayo yalipikiwa, yakaogewa, yakaoshewa vyombo, na yaliyosalia ndiyo yakaenda kwa makangaga.

Sasa tuseme ukweli. Chiriku hakuwa mtoto mbaya, ila alikuwa mvivu. Hilo familia nzima ilikubaliana bila ubishi, Chiriku mwenyewe akiwemo. Akitumwa dukani alirudi wakati watu wameshasahau walichomtuma. Akiambiwa afagie, alifagia pale mama anapopita. Kwa hiyo alipopewa ndoo zile, bibi, mama yake baba, aliyaonea makangaga huruma waziwazi. Alisema afadhali yaanze kuzoea kiu mapema.

Siku za mwanzo Chiriku alijitahidi ili kumkomoa bibi. Kisha asubuhi moja, alipoinama kulimwagilia kangaga kubwa lililo usawa wa katikati ya ukuta, akakuta udongo umeshalowa. Akaubonyeza kwa kidole, maji yakatokeza. Akapapasa huku na huku na kukuta unyevu umeenea karibu bustani nzima. Akafurahi sana. Hakujiuliza maji yametoka wapi. Aliona tu kwamba kazi imejifanya yenyewe, akazimwaga zile ndoo kwenye mfereji wa uchochoroni, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa mpaka muda wa kutosha ukapita, kisha akaingia ndani huku akijipangusa jasho ambalo halikuwepo.

Kesho yake akafanya vilevile, na kesho kutwa. Maji aliyoyapandisha baba mlimani yakawa yanaondoka na mfereji.

Wiki zikapita, kiangazi kikazidi kuuma, na bustani za watu zikageuka vumbi. Makangaga ya Chiriku yakanenepa. Yaliinuka hadi kiunoni, yakatoa majani mapya kila kukicha, kijani kibichi kinachong'aa hata kwenye kivuli. Watu waliokuja kuagiza maua walitolewa nyuma wakaone. Mama alisimama mlangoni, mkono mmoja juu ya bega la Chiriku, akawaambia kwamba hiyo yote ni kazi ya binti yake, kila asubuhi bila kukosa. Bibi naye, ambaye sifa kwake zilikuwa adimu, alikiri kwamba amemdhania vibaya mjukuu wake.

Hapo ndipo Chiriku aliponaswa. Maisha yake yote hakuwahi kusifiwa kwa bidii. Sifa zile zilimwingia tamu, tena akazizoea upesi. Usiku alilala akiwa na furaha, asubuhi akaamka na hofu ndogo, kwa sababu alijua sifa ile si yake.

Kisha akauona ukuta.

Alikuwa anakata majani kwa ajili ya mashada ya mahafali. Alipoyasogeza makangaga, akaona nyuma yake doa jeusi la unyevu limepanda kutoka chini hadi usawa wa kifua chake. Chokaa ilikuwa imebanduka vipande vipande. Katikati ya doa palikuwa na ufa mwembamba, na maji yalikuwa yakichuruzika ndani yake polepole, bila sauti. Akainua macho. Juu kabisa, upande wa pili, lilikuwa tangi la dobi.

Chiriku alielewa mara moja. Hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu. Alielewa kwamba tangi linavuja, na kwamba maji yale ndiyo yaliyomwagilia bustani muda wote ule. Alifungua mdomo amwite mama. Halafu akaufunga. Mama akiuona ukuta umelowa, swali la kwanza litakuwa, umelowa tangu lini? La pili litakuwa, na wewe uliyemwagilia hapa kila siku hukuona? Na la tatu alilijua pia, lile la ndoo zilikuwa zinakwenda wapi. Akayaachia makangaga yakarudi mahali pake. Majani yakaufunika ufa.

Tangu siku hiyo hakuweza kuacha kuutazama. Kila asubuhi alisogeza majani, akachungulia. Ufa uliokuwa mwembamba ukapitisha ncha ya ukucha, baadaye ukapitisha kidole. Sisimizi waliokuwa wamejichimbia chini ya ukuta walihama wote, wamebeba mayai yao meupe, wakaelekea jikoni. Mijusi haikuonekana tena. Wakati mwingine, akiwa ameinama pale peke yake, alisikia chembe za udongo zikidondoka ndani ya ukuta, kitu kidogo tu, kisha kimya. Alichukua chokaa iliyobaki kwenye kopo akapaka juu ya doa. Siku ya pili yake doa lilikuwa limerudi. Akayavuta majani ya kangaga kubwa na kuyafunga kwa uzi ili yasimame mbele ya ufa vizuri zaidi.

Kulikuwa na mlango mdogo wa kutokea uchochoroni, na upande mmoja wa fremu yake ulikuwa umejengewa katika ukuta uleule. Mlango huo ukaanza kukwama. Baba akaung'oa, akaupiga randa ukingoni, akaurudisha. Siku chache baadaye ukakwama tena. Akaung'oa tena, safari hii akinung'unika kwamba ameshika mbao tangu ujana wake na hajawahi kuona mbao inayovimba wakati wa kiangazi. Mbao huvimba kwa mvua, alisema. Kiangazi husinyaa. Alisimama na randa mkononi, akiutazama ule mlango kama mtu aliyetukanwa na mtoto mdogo. Hakufikiri kuutazama ukuta. Kwake yeye kila tatizo la mlango lilikuwa tatizo la mbao.

Chiriku alisimama pembeni akishika maranda yaliyodondoka. Alijua kwamba si mlango unaovimba. Ukuta ndio uliokuwa unakuja.

Na bibi? Bibi ndiye aliyemkosesha Chiriku usingizi. Magoti yalimsumbua, na joto lilimsumbua zaidi. Kila siku baada ya chakula cha mchana alibebewa kiti chake cha mbao hadi bustanini, akakiegemeza ukutani hasa, pale penye makangaga mengi, na kulala na redio mapajani mpaka alasiri. Alisema hakuna mahali penye baridi nzuri kama pale. Siku moja aliamka na gauni lake limelowa mgongoni.

"Ukuta huu una jasho," alisema akijipapasa. "Nimeuegemea miaka yote, sijawahi kuuona hivi."

"Nilimwagilia mengi leo, bibi," Chiriku akajibu haraka. "Labda yaliruka."

Bibi akamtazama. Alisema kwamba Chiriku amekuwa mkimya siku hizi, na kwamba nyumba haijazoea ukimya wake. Akamuuliza kama anaumwa. Chiriku akasema amechoka na masomo. Akajitolea kumhamishia kiti upande wa mlango wa jikoni, bibi akakataa katakata. Upande ule ulikuwa na moshi na kelele za sufuria.

Jioni moja dobi akabisha hodi. Alikuwa mtu mrefu mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji na sabuni. Alisalimia vizuri, akakaribishwa, akakataa kukaa. Alisema tangi lake linapungua kuliko anavyotumia. Amefunga kifuniko kwa kufuli na bado linapungua. Kisha akasema lile lililomleta, kwamba mtaa mzima umekauka isipokuwa nyuma ya nyumba hii, na yeye angependa kujua hayo majani yanakunywa wapi.

Baba aliinuka polepole. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Jirani, maji ya nyumba hii nayasukuma mimi kwa mikono yangu kutoka bondeni. Na binti yangu huyu hapa anayabeba kila asubuhi kabla ya shule. Ukitaka niape, naapa. Mwanangu si mwizi, wala mimi si mwizi."

Mama naye akaingilia, akasema hajawahi kufikiria kwamba juhudi za mtoto zinaweza kuonewa kijicho kiasi hicho. Dobi akamtazama Chiriku. Huenda alikuwa anangoja mtoto aseme neno. Chiriku alimwona baba yake alivyosimama mbele yake kumkinga, akatamani ardhi immeze. Angeweza kusema pale pale, na mambo yakaisha pale pale. Akatazama miguu yake. Dobi akaaga, na tangu jioni hiyo nyumba mbili zilizokuwa zikipeana moto na chumvi zikaacha hata kusalimiana.

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku gari la maji lilipopita.

Chiriku alikuwa anatoka shule na wenzake. Gari lilikuwa refu, limejaa, likipanda mlima kwa gia nzito huku maji yakidondoka nyuma yake barabarani. Mwenzake mmoja alisema linakwenda kwa dobi. Dobi amepata kazi ya mashuka ya hoteli kubwa, alisema, na leo analijaza tangi lake pomoni kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Wenzake wakaendelea kusimulia habari za mashuka. Chiriku hakusikia tena. Aliona ndani ya akili yake tangi likijaa, na uzito wote ule ukiusukuma ukuta, na chini ya ukuta kiti cha mbao, na juu ya kiti bibi yake amelala na redio mapajani.

Akakimbia. Mkoba ulimpiga mgongoni, akautupa. Gari lilimpita kwenye kona, na alipofika uchochoroni alisikia kule juu watu wakielekezana namna ya kuunganisha mpira. Akausukuma mlango mdogo, ukakataa. Akauparamia kwa bega, haukusogea hata kidogo. Akazunguka hadi mbele, akapita karakana ya baba bila kusalimu, akapita sebule, akapita jiko.

Bibi alikuwa pale pale. Macho ameyafumba, mgongo umeegemea mawe. Nyuma ya kichwa chake ukuta ulikuwa umetoa tumbo, wazi kabisa, na Chiriku akashangaa kwamba hakuna mtu mwingine aliyeliona. Maji yalikuwa yanatoka chini sasa, si kwa kuchuruzika bali kwa mfululizo, yakizunguka miguu ya kiti.

"Bibi, mama anakuita," alisema. Hata wakati ule, uongo ndio uliotangulia.

Bibi hakufumbua macho. Alisema mama ana miguu, aje mwenyewe.

"Bibi, kuna mgeni wako mbele."

"Mgeni wangu anajua mahali ninapolala. Mwache mtu apumzike."

Kokoto moja ikadondoka kutoka juu, ikagonga mkono wa kiti. Chiriku alipiga magoti kwenye matope, akamshika bibi mikono yote miwili.

"Bibi, nakudanganya. Hakuna anayekuita. Ukuta huu unaanguka. Una ufa, nimeujua siku nyingi, nikaufunika kwa majani. Sijamwagilia maji hapa tangu kiangazi kilipoanza kukaza, nilikuwa nayamwaga mferejini. Maji ni ya dobi, yanavuja. Na sasa wanalijaza tangi. Simama, bibi, tafadhali, nakuomba."

Macho ya bibi yalifumbuka. Alimtazama mjukuu wake usoni kwa muda mfupi sana, na alichokiona kilimtosha. Hakuuliza swali hata moja. Alijiinua kwa magoti yake mabovu, akamwegemea Chiriku kwa uzito wake wote, na wakaanza kwenda, hatua ndogondogo, katikati ya makangaga yaliyowafikia kiunoni. Redio ilianguka ikaendelea kuimba kwenye matope. Kandambili moja ya bibi ilinasa, wakaiacha.

Baba alishasimama jikoni, ameshika nyundo, anauliza kuna nini. Bibi alimwambia kwa sauti yake ya kawaida aende akatazame nyuma ya kangaga kubwa, ila asikae. Baba akaenda. Akayakata majani yaliyofungwa uzi. Waliuona mkono wake ukiingia ndani ya ukuta hadi kiwikoni. Akautoa taratibu, akarudi akiwa amebadilika rangi, akawaambia mama na bibi watoke nyumbani mpaka barabarani na wasirudi kuchukua chochote. Kisha akamshika Chiriku mkono, wakapanda kwa dobi mbio.

Karakana ya dobi ilikuwa imejaa watu. Mpira mnene ulikuwa umeingizwa kwenye tangi na maji yalikuwa yananguruma ndani. Dobi alipomwona baba, alikunja uso. Baba alisema kwa pumzi fupi wafunge maji, ukuta unaanguka. Dobi akajibu kwamba anashangaa. Siku zote maji yake yanapungua hakuna anayejua lolote, na leo anapoyajaza ndipo jirani anapokuja kumwambia ayafunge. Baadhi ya wafanyakazi wake walicheka. Dereva aliweka mkono juu ya vali akingoja kuambiwa, na maji yakaendelea kunguruma.

Chiriku akauachia mkono wa baba. Aliongea mbele ya wote, dobi, wafanyakazi, dereva, na baba yake aliyemwapia.

"Shikamoo. Ulisema kweli siku ile. Makangaga yetu yanakunywa maji yako. Hakuna aliyeiba, tangi linavuja, na mimi nilijua. Baba hakujua. Baba alikuapia kwa sababu nilimdanganya hata yeye."

Kicheko kilikatika. Baba hakumtazama. Dobi alitazama tangi lake, akainama akapapasa chini yake kwa nyuma, mahali ambapo huenda hakupapasa tangu alijenge, na mkono wake ukarudi umejaa matope. Akapiga kelele vali ifungwe. Dereva aliifunga. Dobi mwenyewe alikimbilia koki ya kutolea maji upande wa barabarani, akaizungusha kwa mikono yote miwili, na maji yakaruka nje yakaanza kushuka barabarani.

Walikuwa bado wamesimama pale waliposikia. Haukuwa mlio mkubwa kama Chiriku alivyokuwa akiuota. Ulikuwa mguno mzito, kisha mawe yakigongana kwa muda mrefu, kisha vumbi likapanda juu ya ukingo wa kiwanja. Tangi lilipasuka pembe moja, na maji yaliyobaki yakamwagika kwenye shimo lililoachwa na ukuta.

Waliposhuka, bustani haikuwepo. Palikuwa na lundo la mawe na matope lililofika hadi kwenye dirisha la jiko. Mguu mmoja wa kiti ulichomoza kati ya mawe, umevunjika. Kila kitu kingine kilikuwa chini. Mama alisimama kwenye kizingiti akiyatazama mawe yaliyolala pale mama mkwe wake alipokuwa amelala muda mfupi uliopita, akakaa sakafuni.

Jioni ile hakuna aliyemchapa Chiriku wala kumfokea. Angefurahi wangefanya hivyo. Baba alijifuta vumbi, akavaa shati safi, akapanda tena kwa dobi peke yake. Alirudi akasema amemwomba radhi kwa kile kiapo. Alisema hivyo tu, akaenda kufunga karakana. Chiriku alilia mpaka akashikwa na kwikwi, maana baba yake, aliyesema kweli tupu kwa kadiri alivyoijua, ndiye aliyekwenda kuomba radhi.

Bibi alimwita akae karibu naye kwenye ngazi ya mbele. Mguu wake mmoja ulikuwa peku.

"Uvivu wako naujua, na hauniumizi," alisema. "Hata baba yako alipokuwa mdogo aliwahi kuwafungia mbuzi na njaa siku nzima ili acheze mpira. Nilimgombeza mpaka jua likatua, tukala, tukalala. Wewe nawe ungesema siku ile ya kwanza, ungegombezwa mpaka jua litue. Basi. Fundi angekuja na saruji kidogo, na mimi ningeendelea kulala zangu. Uliogopa kugombezwa, kwa hiyo ukaniacha nilale chini ya mawe, na kila siku ukaniona nimelala. Hilo ndilo nataka ulikumbuke. Ukiona hatari ukaificha, wewe bado unaijua, ila umewaficha wale itakaowaangukia."

Kisha akaongeza kwamba mwishoni Chiriku alisema, tena mbele za watu, na kwa sababu hiyo wapo pale wawili wanazungumza. Alilisema hilo bila kutabasamu.

Dobi alileta wafanyakazi wake wote kuondoa mawe. Alisema mbele ya baba kwamba na yeye ana lake. Alitafuta wezi mtaa mzima kabla ya kuinama kutazama chini ya tangi lake mwenyewe. Mwashi akajenga ukuta mpya, mnene chini, wenye matundu ya kutolea maji, na tangi likahamishiwa mbali na ukingo. Mama alikosa majani msimu mzima. Kazi nyingine alizifanya kwa maua matupu, nyingine akazikataa, na Chiriku alimwona akizikataa.

Chini ya mawe walikuta vipande vya mizizi ya kangaga, vimepondeka lakini vingine bado vibichi. Chiriku alivipanda mwenyewe kwenye udongo wenye mboji, bila kuifukia mioyo yake. Sasa ukuta haukuwa na tone la kumsaidia. Kila asubuhi alibeba ndoo zake mbili, na jioni alishuka bondeni kumsaidia baba kusukuma mkokoteni. Mabega yalimuuma. Nusu ya mimea ilikufa hata hivyo, na hakuna mgeni aliyetolewa nyuma kuonyeshwa. Iliyosalia ilitoa vijani vidogo vilivyojikunja, na baada ya mvua za kwanza vikaanza kujikunjua.

Siku moja baada ya chakula cha mchana bibi alisema joto limemchosha na anataka kurudi bustanini. Baba alikuwa amemtengenezea kiti kipya. Chiriku alikibeba, lakini alipofika karibu na ukuta akasita, akakiweka mbali. Bibi alitazama kiti, akatazama ukuta.

"Kisogeze," alisema.

Akakisogeza. Bibi hakukaa. Aliegemea fimbo yake, akangoja.

"Ukague kwanza. Mimi macho yangu hayaoni tena vizuri. Ukiniambia nikae, nakaa. Ukiniambia nisikae, siketi."

Chiriku alipiga magoti, akayasogeza makangaga machanga moja moja, akapapasa mawe kutoka upande mmoja hadi mwingine, chini kwenye udongo na juu mpaka mkono ulipokomea. Hakuharakisha. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu mpya, mahali saruji ilipokaukia. Kavu kabisa. Lakini upo.

"Bibi, kuna ufa mdogo hapa," alisema. "Ni mkavu. Nadhani si kitu, lakini sijui. Nimwite baba aje autazame?"

"Mwite," bibi akasema, akaendelea kusimama juu ya magoti yake mabovu mpaka baba alipokuja.